Maini yakiisha niambie nikiwa bado nimesimama

Mhariri ameuliza wiki hii, hoteli ya asubuhi ikiwa imejaa watu, nini kinakufanya urudi kesho na nini kinakufanya usikanyage tena, na mwishoni akaongeza kama mhudumu huwa unamuachia chochote. Mi ni mtu wa Dar, kazi yangu ipo Kariakoo na chai ya asubuhi nakunywa nje karibu kila siku ya kazi, kwaiyo hili swali nimelisoma kama limeandikwa kwangu, na naomba mnivumilie maana jibu langu refu kidogo.

Kinachonirudisha ni hoteli inayoniambia ukweli mapema. Yaani kama maini yameisha niambiwe nikiwa bado nimesimama mlangoni, kama chapati ndo kwanza zinasukumwa niambiwe subiri robo saa, halafu mi mwenyewe niamue nikae au niende kwa jirani. Utamu nauweka nafasi ya pili, najua kuna watu watanishangaa hapa ila naomba mnisikilize kwanza.

Asubuhi ya Kariakoo wanaoijua wanaijua. Kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 2 hivi hoteli za supu zinafurika, kuna wabeba mizigo ambao wameamka saa 10 za usiku na wana njaa ya kweli, kuna madereva, kuna wauza maduka wanaotakiwa kufungua, kuna wageni wa Kongo na Zambia waliokuja kufunga mzigo na basi lao linaondoka muda si mrefu, wote hao wamebanana kwenye meza moja na hawajuani. Hakuna menyu. Mhudumu anapita anaimba, mbavu, kifua, ulimi, utumbo, makongoro, maini, na wewe unajibu supu mbavu chapati mbili chai ya rangi, haandiki popote, anageuka anapaza sauti kwenda jikoni na hapo hapo watu wengine wanne wanamwita dada, dada, dada. Kazi hiyo ni ngumu jamani. Mi naiheshimu sana, na ndo maana chote ninachokilalamikia hapa chini siwatupii wahudumu.

Sasa kisa chenyewe. Kuna hoteli moja mjini, jina naliacha, nilikuwa naipenda kwa sababu rosti yao ya maini ni nzuri mno, ina nyanya nyingi na hoho na haijakaushwa mpaka nyama inakuwa kama raba. Siku moja nimeingia, nimeagiza maini na chapati mbili, chapati zikaletwa pale pale. Nikangoja. Chapati iko mbele yangu inapoa na kila mla chapati anajua ikishapoa inageuka kitu kingine kabisa, huwezi kuianza peke yake maana ukiianza maini yakija utakuwa huna cha kulia, na ukiiacha inakauka. Nimemwita yule dada mara kadhaa, ananiambia inakuja anko, inakuja. Watu waliokuja nyuma yangu wakaagiza supu wakala wakaondoka. Mwisho kabisa ndo anakuja ananiinamia kwa sauti ya chini, anko maini yameisha, nikuletee utumbo?

Nilimwangalia nikaona macho yamemlegea kwa uchovu, nikamwambia basi mdogo wangu niletee tu supu ya kawaida, nikala haraka haraka nikaondoka. Lakini kilichoniuma ni kwamba maini yalikuwa yameisha kabla hata sijakaa. Jikoni walijua. Mwenye hoteli naye alijua, maana alikuwa amekaa kaunta hatua chache tu kutoka jikoni anapokea hela. Mtu pekee ambaye hakujua ni yule binti anayezunguka kwenye meza, na baada yake mimi.

Ndo hapo nasema hoteli nyingi zikijaa tatizo linakuwa kwenye mpangilio, na mpangilio ni wa mwenye mali. Unakuta binti mmoja ndo anachukua oda, ndo anabeba supu ya moto, ndo anafuta meza, ndo anafuata chenji kaunta, na akikosea hela inakatwa kwake. Halafu wengi wao wanalipwa kwa siku, siku usipokuja huna kitu, ukiumwa huna kitu. Mteja akikasirika anamkasirikia huyo. Bosi wa kaunta anaambiwa asante, karibu tena. Hiyo naiona ni dhuluma na naiandika hapa bila kupunguza neno.

Kinachonifukuza moja kwa moja nisirudi ni supu iliyoongezwa maji. Hapa nataka nieleze vizuri maana kuna vijana wanakunywa tu hawajui walichonyweshwa. Supu ya makongoro haipikwi asubuhi, ile miguu ya ng'ombe inababuliwa manyoya, inakwanguliwa, inaoshwa halafu inakaa jikoni usiku kucha moto mdogo mdogo, ukiigusa ikianza kupoa midomo inanata, ukiiacha kabisa inaganda. Hata ya mbavu nayo inataka saa kadhaa ili mifupa itoe. Sasa watu wakijaa kuliko ilivyotegemewa sufuria inashuka, ikifika saa 2 supu imebaki robo sufuria na foleni bado ipo, mwenye tamaa anachukua ndoo ya maji anamimina, anatupia chumvi na kile kiungo cha pakti, anachochea mkaa. Unaletewa bakuli lina mvuke mzuri kabisa, unakamua ndimu, unaweka pilipili, unakunywa unakutana na maji ya moto yenye chumvi na kipande cha nyama kimekaa katikati kama mgeni. Na bei ni ile ile ya aliyekunywa saa 12.

Anayejua kazi huwa ana sufuria ya pili pembeni ya mifupa mitupu inachemka tangu usiku, ile kubwa ikipungua anaongezea kutoka kule, hivyo supu inabaki supu. Haigharimu sana, mifupa inapatikana kwa bei nafuu kwa wanaofuata nyama Vingunguti machinjioni alfajiri. Kwaiyo mtu asije akaniambia eti haiwezekani watu wakijaa.

Na ikiisha basi iishe! Mombasa nimelipenda hili. Kule asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, viazi karai kwa wanaotaka, chai ya maziwa yenye tangawizi, na kuna kina mama wanauza kwenye vibanda mbaazi zimechemshwa tangu jana yake ili nazi ikolee, wateja wamejazana, na ikifika saa 3 au hata kabla sufuria ni tupu na mama anasema zimeisha mwanangu, njoo kesho mapema. Haongezi tui jepesi ili apate za watu kumi wa mwisho. Unaondoka una njaa lakini una imani naye, kesho unakuja mapema kweli.

Huku Dar ninayemuamini ni mama mmoja upande wa Gerezani, hata bango hana. Sehemu yake ndogo, meza chache na mabenchi, na asubuhi inajaa mpaka watu wanakula wamesimama na bakuli mkononi. Ila angalia alivyopanga. Kijana wa chapati yuko nje kabisa, anasukuma na kuchoma mbele ya macho ya watu, chapati haitoki kwake mpaka asikie supu yako imepakuliwa, kwaiyo vyote viwili vinakufikia vya moto. Kuna binti wa oda na mwingine wa vyombo na meza tu, hawaingiliani. Mama mwenyewe anapakua, hakai kwenye hela, hela anashika mwanae. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote, kila kitu kikikaribia kuisha anatangaza kwa sauti, jamani ulimi umebaki wa watu wawili, nani alikuja kwanza? Halafu anamwangalia aliyekuja kwanza, anamjua! Mbeba mizigo mwenye fulana iliyochanika akiwa ndo wa kwanza basi ndo anapewa, mzee mwenye gari zuri nje anaambiwa baba samahani, nikupe kifua? Nimeliona hili kwa macho yangu na mzee wa watu akakubali akala kifua.

Nikimsalimia shikamoo mama anaitikia marahaba huku mkono haujasimama, na hajawahi kunichekea sana wala kuniletea maneno ya biashara. Watu wanadhani huduma nzuri ni tabasamu. Mi tabasamu nalipenda kama kila mtu lakini saa 1 asubuhi nikiwa na haraka nataka mtu anayekumbuka nani alitangulia.

Kuna jambo la kubeba nalo linaleta ugomvi sana. Watu wa kubeba wanakuja na hotpoti zao kutoka nyumbani au ofisini, hotpoti moja inaingia supu za watu watano, na zimeongezeka tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, jambo ambalo mimi nililifurahia maana supu ya moto kwenye nailoni haikuwa kitu cha kumpa binadamu. Sasa hotpoti ikipitishwa dirishani inajazwa fasta kwa sababu ni hela ya pamoja, na sie tuliokaa ndani tunaona nyama zinaondoka. Sikatai kubeba, mtu ana wagonjwa nyumbani, ana wazee, ana wenzake ofisini. Ila iwe na foleni yake na sufuria yake, au basi wabebaji wawekewe muda wao wa mapema kabla ya saa 12 na nusu. Ni jambo dogo kulipanga na linaondoa malalamiko mengi sana.

Kuhusu kulipa kwanza au kulipa mwisho mi nipo upande wa kulipa mwisho, ingawa naelewa wanaotaka kwanza maana kuna watu wanakula wanaondoka kimya kimya kwenye msongamano. Ukishalipa kwanza huna nguvu tena ya kusema supu hii ina maji.

Usafi sitauzungumzia kirefu ila siwezi kuuruka, maana hoteli ikijaa ndo usafi unakufa wa kwanza. Mnakumbuka kipindupindu cha 2015 kilivyoanza hapa Dar mwezi wa nane, na 2020 wakati wa corona kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni. Zile ndoo zimekwenda wapi? Sehemu nyingi zimebaki kama pambo, hazina maji, na bakuli zinaoshwa kwenye beseni moja maji yameshakuwa ya kahawia. Ukiniuliza nachungulia nini kwanza nikiingia hoteli ngeni, nachungulia beseni la vyombo. Nikiona maji yanabadilishwa hata watu wakiwa wamejaa, nakaa.

Sasa lile la mwisho, kumuachia mhudumu. Mi naacha, sio kila siku, ila nikiwa nayo naacha chenji ya mia tano au buku. Na naomba wasomaji wenzangu mnisaidie hili, msiache mezani. Ukiacha mezani anaichukua anayefuta meza, au bosi anasema ni ya hoteli inaingia kaunta, na siku hizi ukilipa kwa simu kwenye lipa namba ukaongeza kidogo ndo kabisa, inaenda kwenye akaunti ya mwenye hoteli na yule aliyezunguka tangu saa 11 haioni. Mpe mkononi, mwambie hii yako dada. Yule binti wa maini nilimkuta baadae sehemu nyingine, hoteli ile aliiacha, na sehemu aliyopo sasa wameweka ubao mdogo ukutani wanafuta kilichoisha kwa kitambaa. Aliponiona tu akaniambia kabla sijakaa, anko leo maini yapo, lakini wahi.