Sauti yangu inanirudia kwenye simu

SWALI: Mhariri, ofisini kwetu Tanga tumefunga mfumo wa Asterisk (programu inayoigeuza kompyuta kuwa kituo cha simu) wenye simu za mezani za intaneti, na kompyuta yake ina kadi inayopokea laini mbili za zamani za waya. Tukipigiana sisi kwa sisi sauti ni safi, lakini nikimpigia mteja kupitia laini hizo nasikia maneno yangu yakinirudia, ilhali yeye hasikii kitu. Fundi anataka tubadilishe simu zote. Nimkubalie? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usimkubalie kwanza, ndugu msomaji, kwa sababu maelezo yako yanaziondolea simu hizo lawama. Sauti yako ikikurudia, inarudishwa upande wa pili, na kwako upande huo unaanzia pale kadi inapokutana na waya. Laini ya zamani hupitisha sauti ya kwenda na ya kuja katika jozi moja ya nyaya, na kadi inapozitenganisha, ukinzani wake usipolingana na wa laini, sehemu ya sauti yako hugeuka na kukurudia. Mwangwi huo ulikuwapo hata enzi za simu za waya tupu, ila ulirudi upesi mno sikio lisiutambue. Intaneti husafirisha sauti kwa vipande, aghalabu vya milisekunde 20, na ucheleweshaji huo ndio unaoufichua.

Anza na viwango vya sauti vya kadi, yaani rxgain (sauti inayoingia kutoka kwenye laini) na txgain (sauti inayotoka kwenda kwenye laini). Wengi huvipandisha ili mteja asikike vizuri, na hapo ndipo wanapoharibu, maana sauti iliyozidi hupasuka, na kifuta mwangwi, yaani sehemu ya mfumo inayoondoa sauti inayorudi, hakiwezi kuifuta sauti iliyopasuka. Vishushe desibeli 2 kila mara, huku ukipiga simu ya majaribio. Kisha zima Asterisk na uendeshe fxotune, programu ya kulinganisha kadi na laini, ikiwa kadi yako inaikubali: hubonyeza namba moja ili kuunyamazisha mlio wa laini, hutuma milio yake yenyewe, na kupima kiasi kinachorudi katika kila mpangilio. Agiza matokeo yapakiwe kila kompyuta inapowashwa, la sivyo umeme ukikatika usiku, asubuhi mtadhani mwangwi umezaliwa upya.

Mwangwi ukibaki kidogo, angalia urefu wa kifuta mwangwi. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa vipimo 128 ni milisekunde 16 tu, jaribu 256. Hatimaye chomoa waya kwenye kadi na uuchomeke kwenye simu ya kawaida: ukisikia mkoromo, kasoro iko kwenye nyaya za nje, na wa kuitwa ni mwenye laini.