Ukikataliwa kwenye usaili, sikiliza umeambiwa nini

Usaili wangu wa kwanza wa uigizaji niliutoka nimefura kwa hasira. Mwongozaji aliniambia kwamba namung'unya maneno, mwisho wa sentensi hausikiki. Wiki mbili nzima nilimsema vibaya kwa kila aliyenipa sikio. Kilichonizindua ni maisha ya Sidney Poitier, mwigizaji wa filamu wa Marekani, na hadi leo ndiyo ninayomsimulia anayeniuliza aanzeje kuigiza.

Poitier alizaliwa Miami mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island, Bahamas. Alikulia visiwani huko na shule aliisoma kidogo sana. Akiwa na miaka 16 alifika New York, akaishi kwa kuosha vyombo. Alipojaribu bahati yake American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha watu weusi, alipewa mswada, akausoma kwa kukwamakwama, tena kwa lafudhi nzito. Akatolewa nje na kuambiwa akatafute kazi ya kuosha vyombo.

Tazama alichofanya. Alinunua redio, akawa anawafuatisha watangazaji neno kwa neno mpaka lafudhi ikalainika. Kusoma alisaidiwa na mhudumu mmoja wa mkahawani, mzee wa Kiyahudi. Kazi ikiisha usiku wanaketi na gazeti. Aliporudi kwenye kikundi alijitolea kufanya usafi ili aruhusiwe kujifunza. Filamu iliyomtambulisha ilitoka 1950, na Aprili 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji bora.

Basi nami nikaandika kwenye daftari yale maneno ya mwongozaji kama alivyoyasema, bila kuongeza matusi yangu. Kila jioni nilisoma ukurasa mmoja kwa sauti, nikajirekodi kwa simu na kujisikiliza. Siku za mwanzo ziliniumiza kweli, maana alikuwa amesema kweli. Kilichonisaidia zaidi ni kumwomba dada yangu akae mwisho wa chumba, anipe mgongo, ainue mkono kila neno linapompotea. Tafuta mtu wa namna hiyo, asiyekuonea haya.

Lakini usinielewe vibaya: kupokea kasoro si kupokea kila kazi. Poitier huyohuyo, wakati mkewe anakaribia kujifungua, alikataa nafasi ya baba asiyefanya lolote kumtetea mwanawe, kwa kuwa baba yake mwenyewe hakuwa mtu wa hivyo. Akakopa dola 75 za hospitali kwa dhamana ya samani za nyumbani. Sauti yako irekebishe, utu wako usiuguse.

Baada ya miezi mitano nilirudi kwenye usaili. Mwongozaji yuleyule alikaa kiti cha nyuma kabisa. Nilisoma mistari yangu minne, na safari hii hakuniambia nirudie.