Kabla ya kupeleka gari inspekshoni, simama nyuma yake

Kama umenunua matatu yako ya kwanza, au umeanza kazi gereji juzi na bosi amekuambia "shughulikia taa, kesho gari linakaguliwa", haya ni yako. Mimi ni fundi wa waya hapa Nakuru. Nimepitisha magari mengi, na mengine nimerudi nayo gereji huku mwenye gari amenuna pembeni yangu bila kusema neno. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo taa uliyoifanyia ujanja leo mtakutana nayo tena mwakani, ikiwa mbaya zaidi.

Mgeni hujaribu taa moja moja. Anawasha ful, anaona sawa, anazima. Anakanyaga breki, makanga aliye nyuma anapiga kelele "iko!" Indiketa, sawa. Anafunga boneti akaoshe mikono. Lakini ukishuka mteremko wa Sachangwan saa mbili usiku, taa haziwaki kwa zamu. Paki, dimu, breki na indiketa zote ziko kazini kwa pamoja. Basi zijaribu hivyo hivyo: injini ikinguruma, kila kitu kimewashwa, mguu kwenye breki, halafu wewe mwenyewe ushuke usimame nyuma ya gari. Mguu wa breki mwachie mtu mwingine. Usikubali kuambiwa "iko".

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa matatu ya abiria 14, imetoka kupigwa rangi, inang'aa. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa hafifu kidogo. Nikabadilisha globu. Bado hafifu. Nikabadilisha nyingine, nikasema holda, yaani kishikio cha globu, imezeeka, nikaikwaruza kwa sandpepa, ikawaka vizuri kiasi, nikaridhika. Kule kwenye ukaguzi tukaambiwa tuwashe indiketa ya kushoto na kukanyaga breki kwa wakati mmoja. Taa nzima ya kushoto ikaanza kucheza disko: breki inapepesa, paki inapepesa, indiketa yenyewe haijielewi. Tukarudishwa.

Mzee aliyenifundisha kazi hakufungua hata globu. Alichukua kipande cha waya, ncha moja akaishika kwenye chuma cha holda, nyingine kwenye bolti tupu ya chesisi. Taa ikatulia, ikawa nyekundu ya kung'aa. Akaniambia, "Umeme umefika, haukupata njia ya kurudi." Waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Ukikanyaga breki, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapitia globu za jirani, ndiyo ile disko. Tulifungua bolti, tukakwangua rangi mpaka chuma cheupe kikaonekana, tukakaza, tukapaka grisi kidogo kuzuia kutu. Kazi ya dakika kumi, na mimi nilikuwa nimenunua globu mbili.

Tangu siku hiyo, gari lolote lililotoka kwa mpiga rangi au mnyoosha bodi naanza na athi. Taa hafifu upande mmoja tu, athi. Taa inayobadilika ukiwasha nyingine, athi. Globu iliyoungua haifichi kitu, imekufa na unaiona.

Tukiwa hapo kwenye globu, angalia ile ya nyuma yenye nyuzi mbili ndani, iliyoandikwa 21/5. Uzi wa wati 5 ni wa paki, wa wati 21 ni wa breki. Vichomozi vyake viwili haviko sawa kimo, kusudi iingie kwa njia moja tu. Vijana huilazimisha kinyume. Matokeo yake paki inawaka kali kama breki, na ukikanyaga breki huoni tofauti kubwa. Wengine huweka globu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, nayo inaunganisha njia zote mbili: ukikanyaga breki taa zikiwa zimezimwa, taa za dashibodi zinawaka zenyewe. Ukiona hivyo usianze kupasua waya. Nenda kaangalie globu ya nyuma kwanza.

Indiketa ikipepesa haraka haraka kuliko kawaida, kuna globu imekufa upande huo. Kawaida ni mara 60 hadi 120 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya simu, si kwa kukisia.

Sasa taa kubwa. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Mwenye gari anakuja na globu nyeupe za LED alizouziwa mtaani, anataka ziwekwe kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya kawaida ya H4, ile yenye ful na dimu ndani ya globu moja. Zinang'aa kweli, ukutani zinaonekana kama mchana. Ila kioo cha ndani cha taa kilichongwa kufuata uzi wa globu ya kawaida, mahali pake na umbo lake. Ukibadilisha chanzo, mwanga unamwagika kila upande na ule mstari unaotenganisha mwanga na giza unapotea. Mkaguzi hatazami ukali wa mwanga tu, anatazama unapiga wapi. Mwambie mwenye gari ukweli huo kabla hajalipa. Akikasirika, atapoa.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Tafuta uwanja ulio sawa na ukuta, jioni giza likianza. Pima upepo wa magurudumu, mweke dereva kitini. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 70. Weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho, kisha nyingine sentimita 10 chini yake. Washa dimu. Mstari wa mwanga uwe kwenye chaki ya chini, na kwa kushoto uinuke kidogo, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na huko ndiko waliko watembea kwa miguu. Ukiona unapanda kulia, hizo taa zimetoka kwenye gari la nchi wanakoendesha kulia, na kila unayepishana naye atakutukana. Hakuna skurubu ya kurekebisha hilo. Ni kubadilisha taa.

Na kama gari linabeba mzigo, lipime na mzigo. Pikapu iliyojaa viazi vya Molo hukaa matako chini, pua juu, na dimu yake inamulika matawi ya miti. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0 cha kushusha taa. Madereva wengi wanadhani ni cha redio.

Mengine ni ya haraka. Mbele usiweke taa nyekundu, nyuma nyekundu ndiyo yake, isipokuwa rivasi nyeupe, indiketa za rangi ya chungwa na ile taa ndogo nyeupe ya namba, ambayo kila mtu huisahau. Vitaa vya bluu vya kupepesa vitoe kabla hujatoka nyumbani, hata makanga akilia. Vioo vya taa vilivyogeuka njano kwa jua visugue kwa sandpepa laini yenye maji, lakini kilichoingia maji ndani kifunguliwe, kikaushwe na kuzibwa, maana kutu itamla holda.

Rifleta usizidharau kwa kuwa hazina waya. Ukishuka kutoka Kericho kwenda Kisumu usiku, karibu na Awasi, utakuta trekta la miwa linaburuta trela lisilo na taa hata moja. Unachokiona kwanza, kama una bahati, ni kipande chekundu kikirudisha mwanga wako. Kwa lori, ile michirizi ya nyekundu na njano ya nyuma iwe safi na isiwe imefunikwa na turubai. Lioshe gari asubuhi hiyo, uanze na nyuma.

Siku ya kwenda, beba mfuko mdogo: globu mbili za 21/5, H4 moja, fyuzi za ampea 10 na 15, sandpepa, kitambaa safi cha kushikia H4, kwa sababu mafuta ya vidole huipasua ikipata joto. Kijana ninayemfundisha sasa hubeba pia mita tatu za waya. Mara mbili ameniomba akate nusu ya kufungia bampa ya mtu, na mara zote mbili nimekataa.