Jibu la msomaji: Ahadi ya 2030 ipimwe kwa mtungi uliojazwa mara ya pili

Swali la wiki lilikuwa hili: Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, je, ahadi hiyo inatekelezeka, na sisi wa visiwani inatuhusu vipi? Naandika kutoka Wete, Pemba. Jibu langu ni kwamba inatekelezeka, lakini kwa upande wetu itafaulu au itakwama jikoni, na huko jikoni kuna jambo moja ambalo waliopanga hawajalipa uzito unaostahili.

Kwanza tuielewe ahadi yenyewe. Mchango wa Taifa, yaani hati ya ahadi hiyo iliyowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2021, unahusu Bara na Zanzibar kwa pamoja, na asilimia zake hazihesabiwi kwa gesijoto tunayotoa leo, bali kwa ile ambayo ingetoka mwaka 2030 lau nchi ingeachwa iende kwa mwendo wake wa kawaida. Upungufu uliokadiriwa ni baina ya tani milioni 138 na milioni 153 za gesijoto. Inawezekana basi ahadi ikatimia na bado gesijoto inayotoka ikawa nyingi kuliko ya leo, na hilo mimi silioni kuwa ni aibu, kwani nchi ambayo wengi wa watu wake bado wanapikia kuni na mkaa haiwezi kudaiwa sawa na Marekani au Ujerumani. Ila hesabu ya namna hii imesimama juu ya makisio ya yale ambayo watu watayafanya majumbani mwao, na makisio yakikosea, asilimia hubaki kwenye karatasi.

Umeme wetu umeshapiga hatua. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha, na majenereta ya dizeli tuliyoyategemea kabla ya hapo si tegemeo tena. Siku hizi gridi ya taifa inalishwa pia na bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Huko kazi inaonekana.

Jikoni ndiko kwenye mashaka. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034. Nina jirani yangu, mama mtu mzima, ambaye kazi yake ni kuchokoa pweza. Bamvua likifika, yaani siku za maji makubwa, bahari ikatoka mbali, anarudi na pweza watatu, wanne, na siku hiyo ana pesa mkononi. Maji mafu yakiingia, bahari isipotoka mbali, hana kitu kwa siku kadhaa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 anao, alipewa na mwanawe. Upo pembeni mwa kabati, umefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na haujajazwa tangu gesi ya kwanza ilipokwisha. Seredani yake, lile jiko la mkaa, iko mlangoni, na kila jioni anatuma mjukuu dukani akanunue makopo mawili ya mkaa.

Nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu bila ya kusita kwamba mkaa anaununua kwa pesa aliyonayo, lakini gesi humtaka awe na pesa yote kwa mara moja. Tulipokaa tukapiga hesabu ya mwezi mzima, tuligundua kuwa makopo yake yanamgharimu zaidi kuliko kujaza mtungi. Anajua. Hashindwi kuelewa faida ya gesi, wala hahitaji semina ya kumwelimisha; anachokosa ni gesi inayouzwa kwa kipimo cha kipato chake. Dar es Salaam yamekuwapo makampuni yanayofunga mita kwenye mtungi, mteja akalipa kwa simu kidogo kidogo kadiri anavyopika. Huduma ya namna hiyo ikifika Pemba kwa bei ya haki, pamoja na majiko ya presha ya umeme yanayolipwa kwa mafungu, naamini seredani nyingi zitapumzika bila ya mtu kulazimishwa.

Na tusisahau kuni na mkaa vinatoka wapi. Mikandaa, au mikoko, inayokatwa kwa kuni, boriti na kuchomea chokaa ndiyo hiyo hiyo inayoizuia bahari, na matope yake huhifadhi kaboni nyingi kuliko msitu wa nchi kavu wenye ukubwa ule ule. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanalijua hili kwa uchungu, kwani maji ya chumvi yameingia katika mabonde yao ya mpunga.

Misitu na umeme wa Zanzibar uko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi, ilhali ahadi imetolewa kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Kwa sababu hiyo naomba pande zote mbili zikubaliane juu ya kipimo kimoja. Taarifa za utekelezaji zisiishie kutuhesabia mitungi iliyogawiwa, maana hata wa jirani yangu ungehesabiwa humo. Zituambie ni mitungi mingapi iliyorudi dukani ikajazwa mara ya pili na ya tatu, na hesabu ya Pemba iandikwe peke yake.