Wadogo zetu wa katani, mnapota kamba upande gani?

Kila kundi jipya hapa mwaloni, kwenye gati la wavuvi, linafumukiwa na kamba ileile. Hata mkonge, ambao Hindorf, yule mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta Tanga mwaka 1893, umeshakuwa mwenyeji wa mipaka ya mashamba huku Usukumani. Ninyi mtazoea lini?

1. Jani lililokatwa leo liparuliwe leo. Likilala, nyama inakauka na kung'ang'ania, nawe unaparua kwa hasira na kukata nyuzi. Utomvu unawasha, usijifute usoni.

2. Suuza, anika siku hiyohiyo. Katani mbichi ikirundikwa usiku kucha, inaamka ya kahawia na inanuka.

3. Hapa ndipo penye msiba. Unasokota uzi kwenda kulia, umekaza vizuri mpaka ukiulegeza unajikunja wenyewe. Kisha unachukua nyuzi tatu na kuzipota kulia vilevile, kwa kuwa mkono umeshanogewa. Kwa macho kamba inapendeza. Lakini uzi uliosokotwa kulia siku zote unataka kurudi kushoto. Ukizipota tatu kwenda kushoto, kila mmoja ukijaribu kufumuka unazidi kuwabana wenzake. Ugomvi wao ndio nguvu ya kamba. Ukizipota kulia, zote zinakimbia upande mmoja, na ukiachia ncha kamba inazunguka mkononi kama kambare. Ni upande gani uanze nao, shauri lako, ila hatua ya pili iende kinyume. Na mkazo uwe sawa: uzi mmoja ukilegea unawazunguka wenzake tu, wawili wanabeba mzigo wote, na hao ndio wanaokatika kwanza. Msione haya, hakuna fundi hapa ambaye hajampa mvuvi kamba ya namna hiyo. Ila ninyi hii ni mara ya tatu mwezi huu! Dawa yake ni kufumua yote mpaka mwanzo.

4. Ongeza katani kabla uzi haujakonda, na viungo vya nyuzi zote visikutane mahali pamoja.

5. Kupota hula karibu theluthi ya urefu, kwa hiyo kamba ya mita 10 huanza na nyuzi za mita 15. Juzi mmoja wenu alipima 10 kamili, akapata pungufu ya 7, akaunganisha kipande kwa fundo. Fundo hupunguza nguvu karibu nusu. Kamba hiyo sasa ni ya nanga, na mwenye mtumbwi anauliza lile fundo la katikati ni pambo au vipi.