Muulize Mhasibu: Mwenye hati fungani analipwa kwa tarehe, mimi wa maharage mbona silipwi?

Kila Juni, bajeti ikishasomwa Dodoma, barua huwa nyingi. Kati ya zile za mwaka 2025 nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu nilikaa kwenye dawati la malipo la halmashauri miaka 26 na mwandishi wake ningeweza kumkuta pale kwenye benchi siku yoyote.

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza maharage na dagaa hapa Kirumba, Mwaloni. Kuanzia Januari hadi Machi nilipeleka shule moja ya bweni ya serikali maharage magunia 12 na dagaa kilo 310, jumla shilingi 4,860,000. Mpaka leo nikienda naambiwa fedha haijashuka. Mtaji ulikata, nikachukua mkopo wa kausha damu milioni mbili. Kila mwezi natoa riba 400,000 na deni lenyewe liko palepale. Juzi redioni nimesikia bajeti mpya ni trilioni 56 na kwamba kuna nakisi, serikali itakopa. Sasa kama wanakopa matrilioni, changu kimekwama wapi? Na mwanangu ananiambia wenye hati fungani hawacheleweshewi hata siku moja. Ni kweli? (Mama wa dagaa, Kirumba)

JIBU: Marahaba mayu, na pole sana. Mwanao amesema kweli. Hati fungani ni karatasi ya mtu aliyeikopesha serikali kwa riba, yenye tarehe za kulipwa.

Nakisi ni pengo: serikali inapotumia zaidi ya inavyokusanya, hata ukijumlisha na misaada. Chukua mwaka wa fedha 2024/25, uliofungwa Juni 30, 2025. Bajeti ilikuwa trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61. Misaada na mikopo nafuu kutoka nje, 5.13. Mikopo ya nje ya masharti ya kibiashara, 2.99. Halafu kukopa humu humu nchini, kwa mabenki, mifuko ya pensheni na watu binafsi, trilioni 6.62. Kati ya hizo 6.62, trilioni 4.02 hazikupangwa kujenga hata choo cha shule. Zilikuwa za kulipa dhamana za zamani zilizoiva, yaani mikopo ya nyuma iliyofikia tarehe ya kulipwa. Mkopo unafunikwa kwa mkopo, na wewe mayu hesabu hiyo huhitaji kufundishwa.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana nakisi isivuke asilimia 3 ya pato la taifa. Kila waziri wa fedha anapenda kusimama bungeni aseme tuko ndani ya mstari. Lakini nakisi hiyo kwa kawaida inapimwa kwa fedha iliyotoka. Maharage yako yameliwa, wanafunzi wameshiba, wengine wameshafanya mitihani, ila kwa kuwa hujalipwa, hayaonekani kwenye pengo. Kadiri wazabuni wanavyocheleweshwa, ndivyo nakisi inavyopendeza kwenye karatasi. Maana yake serikali imekukopa wewe bila riba na bila kukuomba, nawe ukaenda kukopa kwa asilimia 20 kwa mwezi ili kuziba. Pengo la Dodoma limehamia kwenye meza yako ya dagaa. Hili ndilo linaloniuma kuliko trilioni zote.

Kwa nini mwenye hati fungani halali na njaa? Katiba yetu, Ibara ya 141, inasema Deni la Taifa litadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Yule ana tarehe yake na sheria inayomlinda, na anajua asipolipwa siku hiyo, kesho serikali haitapata wa kuikopesha. Wewe una kasma ya chakula cha bweni. Kasma ni ruhusa tu ya kutumia, fedha yenyewe inangoja Hazina iachie, na Hazina inaachia kulingana na kilichokusanywa. Makusanyo yakipungua, mishahara haiguswi, deni haliguswi, kinachobanwa ni haya matumizi mengineyo, na humo ndimo ulimo.

Bunge je? Nimesikiliza mijadala ya bajeti tangu enzi za redio ya mkulima. Mbunge anasimama, anaomba barabara, zahanati, gati, anafoka kweli kweli, kisha anamaliza: naunga mkono hoja. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, kwa hiyo kila anayefoka anajua mwisho wake ni kura ya ndiyo. Sijawahi kumsikia mbunge wa kanda yetu hii akisema: punguzeni hiki cha jimboni kwangu, mlipe kwanza waliokwishaleta mzigo. Naelewa sababu yake. Barabara inazinduliwa kwa ngoma. Hakuna anayekata utepe kwa kulipa deni la maharage.

Nami nina langu la kusema. Miaka ya 2000 nilikuwa halmashauri moja ya ukanda huu wa ziwa, sitaitaja. Tarehe 28 Juni fedha zikashuka kidogo, na zisipotumika hadi tarehe 30 zinarudi. Niliandaa orodha: mafuta ya magari, matairi, posho za ziara ya viongozi, na sembe ya shule. Mkubwa wangu akaipanga upya kwa kalamu nyekundu, posho juu, sembe chini, na fedha ikaishia kwenye matairi. Hati za malipo nilisaini mimi. Nje, mama mwenye sembe alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, ankara yake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa stoo. Alilipwa baada ya miezi 14, akiwa ameshauza ng'ombe wawili. Siku hiyo alinifuata ofisini kunishukuru. Kunishukuru! Mpaka leo nikipita mtu ana ankara mkononi siwezi kumtazama usoni.

Sasa fanya haya, na ufanye wiki hii. Kwanza tafuta LPO yako, ile hati rasmi ya kuagiza mzigo. Kama ilitoka kwenye mfumo wa malipo, una mguu wa kusimamia. Kama mkuu wa shule alikuandikia kikaratasi kwa mkono au alikupigia simu tu, pengine hapo ndipo ulipokwama, kwa maana mfumo haukujui. Iambatanishe na hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi na mhuri, na ankara. Mwandikie barua mkurugenzi, nakala kwa mkaguzi wa ndani, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Ndani ya barua uliza jambo moja: je, deni langu limo kwenye orodha ya madeni ya Juni 30? Orodha hiyo ndiyo inayokwenda kuhakikiwa, na ukiachwa nje yake utazungushwa mpaka uchoke. Hesabu za mwaka zinatakiwa kufika kwa wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwisho wa Septemba, nao wakifika huwa wanachambua madeni. Wape nakala.

Kuhusu kausha damu, itoke haraka. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Inataka kikundi, na hapo Mwaloni wanawake wa dagaa hamkosi kikundi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

SWALI: Mzee, mimi ni bodaboda Busisi. Tuliambiwa daraja letu la Kigongo-Busisi limejengwa kwa fedha za ndani. Kwa hiyo hatudaiwi? (Kijana wa Busisi)

JIBU: Fedha za ndani maana yake hakuna mfadhili wa nje aliyeandikiwa mkataba wa mkopo kwa ajili ya daraja hilo. Ila ndani ya mfuko huo huo kuna kodi na kuna fedha zilizokopwa kwa kuuza hati fungani. Ni kama tenki la maji lenye mabomba mawili: ukishachota ndoo, huwezi kusema haya ni ya bomba lipi. Kwa hiyo sehemu tunadaiwa, na tunadaiwa sisi kwa sisi.

Hata hivyo sina ugomvi na deni la namna hiyo. Daraja la kilomita 3, zaidi ya bilioni 700, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Nimesubiri feri ya Kigongo usiku na mgonjwa kwenye gari, injini imezimwa, mbu wanatula, taa za feri zinaonekana ng'ambo haziji. Juzi nimevuka kabla hata redio haijamaliza wimbo. Mjukuu wangu atalipa sehemu ya deni hilo, naye atakuwa anapita juu yake. Posho za ziara zikikopewa, mjukuu analipa na hakuna cha kupita juu.

SWALI: Na mwananchi wa kawaida anaweza kuikopesha serikali? (Mwalimu, Nansio)

JIBU: Anaweza. Hati fungani zinanunuliwa kupitia benki yako au wakala wa soko la mitaji, kwa kiwango cha kuanzia shilingi milioni moja, na riba inaingia kila miezi sita. Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza, ukivuka kutoka Nansio pita uulize tarehe za minada. Mwalimu, ukishaanza kupokea hiyo riba, mwandikie na mbunge wako wa Ukerewe umuulize wazabuni wa shule yako wanadai kiasi gani.