Usifute masta zako

Mdogo wangu, umeuliza kama ufute masta, yaani rekodi halisi za nyimbo zako, kwenye kompyuta ya studio hapo Ngarenaro kwa vile nyimbo zote "ziko mtandaoni". Tafadhali, usifute hata moja.

Myspace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, ndiyo ilikuwa kimbilio la wasanii wasio na lebo (kampuni ya kurekodi). Mwaka 2005 ikanunuliwa na kampuni ya habari ya News Corp, baadaye ikauzwa tena, na 2019 ikakiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kati ya 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Zaidi ya milioni 50! Asiyekuwa na nakala yake, basi tena. Bandcamp nayo, tovuti ya wasanii kuuzia muziki ambayo bado naiheshimu, Epic Games, kampuni ya michezo ya video, waliinunua 2022, mwaka uliofuata wakaiuza, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa.

Malipo nayo yananiuma. Tangu 2024 Spotify, ile huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, hailipi wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Yaani watu wa Sakina na Moshi wakikusikiliza mara 900, hupati hata senti, fungu hilo wanagawiwa wenye namba kubwa.

Nunua diski ya nje leo. Weka faili za WAV (sauti isiyobanwa), sauti peke yake, biti peke yake, halafu nakala ya pili mpe mama akutunzie nyumbani. Kasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kwenye shoo omba namba za simu za mashabiki, maana hao wafuasi wa mtandaoni ni wa kampuni, si wako.